Msongo wa Mzazi Katika Msimu wa Kutafuta Nafasi ya Kidato cha Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa na mwalimu wa ushauri na unasihi kwa ajili ya wazazi na walezi wa darasa la saba jijini Dar es Salaam. Maswali yenyewe ni yale wanayoyauliza wazazi wanapokuja shuleni kuanzia mitihani ya majaribio, yaani moko, hadi mwezi Desemba majina ya waliochaguliwa yanapotangazwa. Mengi huanza kwa kumhusu mtoto, lakini baada ya mazungumzo ya dakika chache huwa wazi kwamba anayeumia zaidi ni mzazi. Kwa sababu hiyo, hapa anayeshughulikiwa kwanza ni mzazi.

Ni mitihani ipi hasa inayozungumziwa hapa?

Kuna milango miwili, na kuichanganya ni chanzo kikubwa cha hofu isiyo ya lazima.

Mlango wa kwanza ni Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na kufanyika kwa siku mbili, kwa kawaida mwezi Septemba. Masomo ni sita, kila somo lina alama 50, jumla yake ni 300, na mtoto anayefikisha alama 121 au zaidi, yaani daraja A, B au C, huhesabiwa kuwa amefaulu. Baada ya hapo Ofisi ya Rais – TAMISEMI huwapangia waliofaulu shule za serikali. Wengi huenda shule za kutwa, na wachache wenye alama za juu sana huchaguliwa kwenda shule za bweni, shule za ufundi kama Ifunda, Tanga na Moshi, au shule za vipaji maalumu: Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Ilboru, Msalato na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana.

Mlango wa pili ni usaili wa shule binafsi na seminari, ambao hapa mjini tumezoea kuuita intaviu. Huu hauna ratiba ya taifa. Kila shule hujipangia bei ya fomu, siku ya mtihani na masomo itakayoyapima, na mara nyingi Hisabati na Kiingereza hazikosekani. Mtoto aliyesoma shule ya Kiswahili kwa miaka saba hukutana hapa na jambo zito, kwa kuwa hesabu anayoiweza vizuri huulizwa kwa Kiingereza, akashindwa swali badala ya kushindwa hesabu. Mzazi anayelijua hilo mapema hatamwita mwanawe mzembe.

Milango hii haifungani. Mtoto aliyekosa nafasi kwenye usaili hajapoteza hata alama moja ya mtihani wa taifa, na aliyepangiwa shule ya kutwa na serikali bado anaweza kupokelewa na shule binafsi.

Kwa nini mtihani wa mwanangu unaniumiza mimi kuliko unavyomuumiza yeye?

Kwa sababu mtoto anafanya mtihani mmoja, na wewe unafanya mingi kwa wakati mmoja. Unafikiria ada, unafikiria maneno ya mashemeji, unakumbuka shule uliyoitamani wewe mwenyewe ukaikosa, na unaogopa kwamba kosa la mwaka huu litamfuata mtoto hadi utu uzima. Aidha, mtoto ana kitu cha kufanya: anashika penseli, anasoma swali, anajibu. Mzazi hana cha kufanya isipokuwa kusubiri, na kusubiri bila kazi mkononi ndiko kunakochosha mwili.

Jambo hili si udhaifu. Mwili wa mtu mwenye hofu humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo huongezeka, misuli hukaza na usingizi hukimbia, iwe hatari ni simba au ni orodha ya majina ubaoni. Mwili umeumbwa kukabili hatari ya muda mfupi. Msimu wa mitihani unachukua miezi, na ndiyo maana kufikia Oktoba wazazi wengi huwa wamechoka kwa namna ambayo kulala Jumapili moja hakuiondoi.

Nitajuaje kwamba nimevuka wasiwasi wa kawaida?

Wasiwasi wa kawaida huja na kuondoka, nao hukusaidia kukumbuka tarehe na kulipia fomu. Mwaka 1908 watafiti wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba msisimko wa kiasi huharakisha kujifunza, lakini ukizidi, hasa kazi ikiwa ngumu, matokeo huharibika. Kwa binadamu pia jambo hilo linaonekana kila siku.

Dalili za kuvuka mpaka ni kama hizi: unaamka saa tisa usiku na huwezi kulala tena, kichwa, tumbo au mgongo unauma bila sababu inayoonekana hospitalini, unamfokea mtoto kwa kosa la kalamu iliyopotea kana kwamba amepoteza nyumba, umeacha kula vizuri, umeongeza pombe, au huwezi kuketi mezani na familia bila mazungumzo kurudi kwenye alama. Ukiona haya yamedumu kwa majuma kadhaa na yanakuzuia kufanya kazi zako, soma jibu la mwisho katika ukurasa huu.

Mimi sisemi kitu mbele ya mtoto. Je, bado wasiwasi wangu unamfikia?

Unamfikia. Mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu anakusoma vizuri kuliko anavyosoma kitabu cha Maarifa ya Jamii. Anaona umeacha kuangalia taarifa ya habari, anasikia simu unayoipiga nje ya dirisha ukinong'ona, anaona sahani yako ikirudi jikoni na chakula. Kwa kuwa hujamwambia chochote, hujaza mwenyewe maelezo, na maelezo ya mtoto mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli: baba na mama wanagombana kwa sababu yangu, nikishindwa hawatanipenda.

Kwa hiyo ukimya mtupu hausaidii, na kumwaga hofu yote mbele yake ni kumtwisha mzigo usio wake. Kinachofaa ni maneno machache ya kweli yanayomwondolea jukumu la kukutuliza. Unaweza kumwambia: "Mwanangu, siku hizi unaniona nina mawazo. Ni kweli, nina wasiwasi kidogo kuhusu mitihani, kama wazazi wote. Huo ni wasiwasi wangu, naushughulikia mimi na baba yako. Wewe kazi yako ni kusoma kwa muda tuliokubaliana, kucheza na kulala." Kisha litimize hilo, yaani uwe kweli na mtu mzima mwenzako wa kuzungumza naye: dada yako, rafiki wa kazini, mama mdogo, mchungaji, ustadhi, yeyote anayeweza kusikiliza bila kukupa orodha ya shule za watoto wake.

Kundi la WhatsApp la wazazi linaninyima usingizi. Nijitoe?

Huna haja ya kujitoa, kwa kuwa taarifa za shule hupitia humo, lakini linyamazishe na uwe na saa moja maalumu ya kulifungua, isiwe usiku. Matokeo ya moko yanapopigwa picha na kurushwa kundini saa nne usiku, hakuna unachoweza kuyafanyia saa hiyo isipokuwa kulinganisha, na pengine kumwamsha mtoto aliyelala ili aeleze kwa nini amepitwa na mtoto wa jirani. Wapo waliowaamsha. Mtoto aliyeamshwa hivyo hajifunzi Hisabati. Anajifunza kuogopa hatua za mzazi wake kwenye ukumbi.

Tukumbuke pia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Chombo kinachosimamia mitihani kimeachana na kuwapanga watoto hadharani, nasi wazazi hatuna sababu ya kuendelea kuwapanga kwenye simu zetu.

Tuisheni, kambi na masomo ya usiku: kiasi gani kinatosha?

Hili ndilo swali ninaloombwa kulijibu zaidi, na ndilo ambalo wazazi hawalipendi jibu lake.

Anza na usingizi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Sasa fanya hesabu ya nyumbani kwako. Mtoto anayeamka saa kumi na nusu alfajiri ili kuwahi basi la shule kutoka Chanika au Bunju angepaswa awe amelala saa moja na nusu jioni ili apate saa tisa tu. Saa moja na nusu wengi wao bado wako tuisheni, au wamesimama kwenye daladala Gongo la Mboto huku mkoba umewaelemea. Anafika, anaoga, anakula, anafungua daftari saa tatu. Hiyo saa ya ziada ya usiku inaliwa kutoka kwenye usingizi ambao ubongo ulikuwa uutumie kuhifadhi alichosoma mchana, na ndiyo maana mzazi huona mtoto anasoma zaidi na anakumbuka kidogo.

Pendekezo langu ni kwamba tuisheni ichaguliwe kwa somo, isiwe kwa mazoea. Mtoto aliye dhaifu katika Hisabati na Kiingereza apate msaada wa masomo hayo mawili, na masomo manne anayoyaweza yaachwe kwa mwalimu wa darasani. Siku moja katika juma isiwe na kitabu kabisa baada ya mchana. Kambi, ambapo watoto hulala shuleni majuma ya mwisho kabla ya mtihani, huwafaa baadhi yao, hasa wanaoishi mbali au kwenye nyumba yenye chumba kimoja na kelele nyingi, lakini kabla hujatia saini ruhusa uliza wanalala saa ngapi, nani anawaangalia usiku, na kama mtoto anaweza kukupigia simu.

Na mzazi naye aangalie usingizi wake. Kukesha na mtoto si lazima ili aone kwamba unamjali. Kikombe cha uji wa moto asubuhi, kilichoandaliwa na mtu aliyelala vizuri, kinamfaa zaidi.

Nimeshatumia fedha nyingi. Je, ni vibaya kumwambia mtoto ili aelewe uzito wa jambo?

Kumweleza kwamba familia ina bajeti na kwamba fomu za usaili zitanunuliwa za shule mbili au tatu tu ni malezi mema. Kumwambia "nimekopa kikoba kwa ajili yako, usiniangushe" ni jambo jingine. Deni hilo yeye hawezi kulilipa kwa njia yoyote isipokuwa kwa kufaulu, na mtihanini atakaa akiwa na hesabu mbili kichwani, ya kwenye karatasi na ya kikoba.

Nawasihi wazazi wakae na hesabu ya fedha kabla ya kununua fomu ya kwanza. Ulizeni ada ya mwaka mzima, michango, sare, usafiri au bweni, kisha jiulizeni kama mnaweza kulipa kwa miaka minne bila kuuza kiwanja. Shule ambayo hamwezi kuilipia msimpeleke mtoto kufanya usaili wake "kujaribu tu". Akifaulu mkashindwa kumpeleka, maumivu yake ni makubwa kuliko ya kushindwa. Tangu mwaka 2016 elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada, na hakuna mzazi anayepaswa kuona aibu kuitumia haki hiyo.

Mimi na mwenzangu hatukubaliani kuhusu shule. Tufanyeje?

Kubishana kufanyike mtoto akiwa hayupo, na uamuzi ufikishwe kwake kwa sauti moja. Mara nyingi mgogoro wa shule huficha jambo jingine: mmoja anataka seminari kwa kuwa alisomeshwa huko, mwingine anaogopa bweni kwa sababu ya yaliyompata akiwa bwenini. Lisemeni hilo kwanza. Kisha mwulizeni mtoto anapendelea nini na kwa nini, hata kama uamuzi wa mwisho ni wenu.

Bibi, wajomba na majirani hawaachi kuuliza. Niwajibu nini?

Wajibu kwa heshima na kwa ufupi: "Anaendelea vizuri, mwombeeni. Majibu yakitoka tutawaambia." Shangazi akimwita mtoto na kumsimulia binamu yake aliyekwenda Kibaha, badilisha mazungumzo mbele ya mtoto huyo huyo, ili aone kuna mtu anayemkinga.

Kuna mtu ameniambia anaweza kupata karatasi ya mtihani. Nina hofu kiasi kwamba naifikiria.

Usiifikirie zaidi ya hapo. Wengi wa wanaouza karatasi hizo ni matapeli wanaofahamu kwamba mzazi aliyetapeliwa hatakwenda polisi kushtaki. Na pale udanganyifu unapokuwa wa kweli, anayelipa ni mtoto. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba katika shule kadhaa, zikiwamo za hapa Dar es Salaam, pamoja na shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakalazimika kurudia mtihani mwezi Oktoba. Walirudia pamoja na wale ambao hawakuwa wameona karatasi yoyote. Mtoto anayepewa majibu na mzazi wake anaambiwa pia, bila maneno, kwamba mzazi huyo haamini kwamba anaweza.

Siku ya usaili nikimsindikiza, nifanye nini na nisifanye nini?

Fika mapema, kwa sababu foleni ya Jumamosi asubuhi katika Barabara ya Bagamoyo au Mandela haimjui mtahiniwa. Panga njia siku moja kabla, na kama mtapanda mwendokasi au daladala mbili, ondokeni kana kwamba moja itaharibika. Mkoba uwe na penseli zilizochongwa, kifutio, kichongeo, kalamu mbili, maji na kitu cha kula alichokizoea.

Tatizo kubwa liko langoni. Ukisimama nje ya shule yenye usaili utaona wazazi chini ya mwarobaini, wengine kwenye viti vya plastiki, wamebeba bahasha za kaki zenye cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule. Kwa nusu saa ya kwanza wanazungumza kwa upole. Kisha mtu mmoja anasema amesikia wanachukua watoto arobaini tu, mwingine anasema nafasi zilishajaa kwa watoto wa wakubwa, na kufikia saa tano kila mmoja ana hofu mpya ambayo hakuja nayo. Kaa kando na mazungumzo hayo. Tembea, soma gazeti, sali, mpigie rafiki. Ukihisi kifua kimebana, vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, ukirudia kwa dakika chache, na mapigo ya moyo yatashuka.

Mtoto akitoka, usimwulize swali la saba alijibu nini. Mtihani umekwisha kukusanywa. Mwulize kama ana njaa, kisha nendeni mkale. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe njiani, na hapo sikiliza bila kusahihisha. Nimeona binti akitoka akitabasamu, akaanza kukokotoa upya mbele ya baba yake kwenye kipande cha bahasha, na tabasamu likaisha kabla hawajavuka barabara.

Na siku mbili za mtihani wa taifa?

Hapo kazi yako ni ndogo, na hiyo ni nafuu kwako. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu na kusiliba kwa penseli kwenye fomu maalumu, kwa hiyo mtoto awe na penseli nzuri na amefundishwa kufuta vizuri anapobadili jibu. Usizunguke eneo la shule, kwa kuwa hairuhusiwi na haimsaidii. Nenda kazini au sokoni kama kawaida.

Matokeo yametoka na mwanangu hakuchaguliwa tulikotarajia. Nitamkabili vipi?

Matokeo ya darasa la saba katika miaka ya karibuni yametoka kati ya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Desemba, nayo hupatikana mtandaoni, hivyo mtoto anaweza kuyaona kabla yako kwa simu ya mtu mwingine. Kubalianeni mapema kwamba mtayaangalia pamoja, nyumbani.

Yakiwa mabaya, jipe muda wa kuhuzunika, lakini usihuzunikie mbele yake siku ile ya kwanza. Enda chooni ulie, enda kwa jirani, kisha rudi. Siku hiyo mtoto anahitaji kusikia mambo mawili: kwamba unaona ameumia, na kwamba mahali pake nyumbani hapajabadilika. Maswali ya nini kiliharibika yasubiri juma zima. Fimbo na matusi havijawahi kuongeza alama zilizokwisha kutangazwa, na kuna watoto waliofanya mambo ya kutisha usiku wa matokeo kwa kuogopa tu kufika nyumbani.

Baada ya hapo angalia njia zilizopo kwa utulivu. Aliyefaulu akapangiwa shule ya kutwa ya kata aanze Januari pamoja na wenzake, na juhudi zielekezwe kwenye Kiingereza, kwa kuwa ndicho kitakachomsumbua miezi ya kwanza. Aliyekosa alama anaweza kuomba shule binafsi inayompokea, anaweza kujifunza ufundi katika vyuo vya VETA kama kile cha Chang'ombe akifikia masharti yao, au anaweza kusoma nje ya mfumo rasmi na baadaye kufanya Mtihani wa Maarifa, unaomfungulia njia ya mtihani wa kidato cha nne.

Wadogo zake wanaona yote haya. Niwaangalieje?

Mtoto wa darasa la nne naye ana upimaji wake wa kitaifa, kwa kawaida mwezi Oktoba, na mara nyingi husahauliwa kabisa. Mpe muda wake, hata robo saa jioni, isiyohusu mtihani wa kaka yake. Anajifunza sasa namna nyumba yenu inavyoupokea mtihani, na zamu yake inakuja.

Ni wakati gani nitafute msaada wa kitaalamu, na wapi?

Tafuta msaada ikiwa usingizi umepotea kwa majuma, ikiwa umeanza kumpiga mtoto kwa hasira usiyoiweza, ikiwa unalia kila siku, au ikiwa wewe au mtoto mmesema, hata kwa utani, kwamba ni afadhali kufa. Hilo la mwisho halisubiri matokeo wala kesho. Usimwache mtu huyo peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na unaweza pia kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukaomba rufaa. Mtoto mwenyewe, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Shuleni, omba kuonana na mwalimu wa ushauri na unasihi bila kusubiri kikao cha wazazi. Mwambie tangu mwanzo kwamba umekuja kwa ajili yako, ili asianze kutafuta faili la mtoto.